Wa Mwisho Husimama Katikati

Sisi tulimwita Mama Picha. Jina lake la kitambulisho siliandiki, kwa sababu hata yeye akiitwa nalo huwa anageuka kuangalia nyuma, ati labda anaitwa mtu mwingine. Alikaa Laini Saba kule Kibera, karibu na reli. Mimi nakaa Kawangware, nashona nguo, ndiyo maana ameniita Fundi tangu siku ya kwanza. Alizaliwa lini na akalelewa na nani, hayo sikuwahi kumuuliza. Najua kwao ni Kitui na kwetu ni Vihiga, na kama si kamera yake tusingejuana kabisa.

Kamera ilikuwa nyeusi, nzito, imechubuka pembeni. Aliitumia kwa harusi, mazishi, na watoto wa nasari wanaohitimu wakiwa na kofia za karatasi ngumu. Hiyo ilikuwa kazi ya kumlisha. Lakini kazi iliyompa raha, mpaka ukaiona usoni, ilikuwa ile ya Jumamosi moja kila mwezi, wakati sisi kina mama wa kwaya, wa Kibera na wa Kawangware pamoja, tulipopanda vilima vya Ngong na yeye akaja kutupiga picha.

Nasema alikuja, maana mwaka huu goti lake la kulia lilikataa, na binti yake akaamua mama arudi Kitui akapumzike. Mama Picha alikubali kila kitu. Alikubali kufunga nyumba, kugawa vyombo, hata kuacha harusi za watu. Kitu kimoja tu ndicho alichokikataa. Alisema haendi Kitui kabla hajafika tena kule juu kwa miguu yake, na kamera yake akiwa ameibeba mwenyewe. Haya, goti limevimba, kamera ni nzito kama tofali, na kilima hakina lifti. Sote tulijua kimoja kati ya hivyo lazima kitamshinda, na yeye alijua kuliko sisi. Nitafika huko. Wacha kwanza mumjue.

Alivyoibeba hiyo kamera, sijaona mtu mwingine akibeba hivyo. Ile kamba ya shingoni hakuitaka. Alisema ukiinama kwenye mawe kamera inabembea, inagonga huku na huku. Kwa hivyo alichukua leso akaifunga kama mama anayembeba mtoto, ila mbele badala ya mgongoni. Kamera ikalala kifuani, na juu yake akavaa sweta kubwa la marehemu mumewe. Vumbi haliingii, ukungu hauingii, na mwizi akiangalia anaona mama na kichanga chake, anaenda zake.

Siku moja tulipumzika kwa mama wa chai pale Ngong mjini. Yule mama akachungulia chungulia, akauliza, "Huyu mtoto ni wa miezi mingapi?"

Mama Picha hakucheka hata kidogo. Akapigapiga kamera mgongoni. "Huyu ni mkubwa," akasema. "Ni vile amekataa kutembea."

Masikini, mama wa chai akamhurumia kwelikweli. Akaleta maziwa moto kwa kikombe kidogo, ya mtoto. Mama Picha akashukuru vizuri, akayanywa yeye. Tulipofika kwenye geti la kilima ndipo tulipoangua kicheko, mpaka mlinzi akatuuliza tumelewa na nini asubuhi yote hiyo.

Mimi nikaona nimsaidie. Nikamshonea mkoba wa kitambaa kigumu, mikanda miwili ya kupita mgongoni, sponji ndani, zipu ya nguvu. Nilijivunia kazi ile, na sioni haya kusema. Aliuvaa mara moja, akanirudishia ukiwa umekunjwa vizuri. "Fundi, ni mzuri sana," akasema. "Lakini nikiwa nao sisikii kama nimebeba kitu. Naogopa nitasahau." Nikaukasirikia ule mkoba wiki nzima. Siku hizi naubebea nyuzi.

Na kuigusa kamera, hapana. Ungemwomba chumvi, sabuni, hata sweta lake wakati wa baridi, angekupa. Lakini kamera, ukinyoosha kidole tu, alikutazama mpaka ukakikunja. Binti yake, msichana mkubwa anayesuka watu nywele kule Mashimoni, alimwambia mbele yetu, "Mathe, hiyo kamera unaipenda kuliko mimi."

Akamjibu, "Wewe ukianguka utainuka."

Sasa mtu akisikia haya atadhani alikuwa mpole, mtu wa taratibu. Ng'o! Mama Picha hakuwa na subira na kitu chochote. Ugali wake aliuondoa jikoni kabla haujaiva, ukila unasikia unga. Kwenye foleni ya maji aligombana na walio mbele na walio nyuma yake. Mahubiri yakirefuka, alikohoa kikohozi fulani ambacho hata mchungaji alikijua. Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa na subira nacho duniani, nacho ni mtu anayepanda kilima polepole. Hilo nalijua vizuri kwa sababu wa kwanza kulionja ni mimi.

Safari ya kwanza ilianzishwa na muuguzi wa kanisani kwetu. Baada ya ibada alitupima presha sisi kina mama wa kwaya, mmoja mmoja, akashika kichwa kwa vile zilivyopanda. Akasema tuwe tunapanda kilima. Tulimcheka! Sisi ambao tunatoka Kawangware kwa miguu mpaka Lavington kufua nguo za watu, ati tukatembee? Hakuna aliyekubali. Halafu neno likapita kwamba Mama Picha wa Laini Saba atakuja na kamera yake. Wacha! Jumamosi hiyo stegi ya matatu ilijaa kina mama.

Na tulivyokuja tumevaa, Mungu wangu. Kwetu sisi, picha ni kitu cha kuvalia. Picha inatumwa nyumbani, mama mkwe anaishika kwenye mwanga, majirani wanaipitisha mkono kwa mkono, wanaangalia kama Nairobi imekukubali. Nani atapigwa picha na raba za kuendea kazini? Kwa hivyo mmoja alikuja na gauni la harusi ya dada yake, mwingine na kilemba kirefu kama mnara. Mimi nilivaa kitenge nilichokishona usiku na mchana, na viatu vyekundu vya kisigino. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria kilima. Tulikuwa tumefikiria picha.

Mvua ilikuwa imenyesha. Mwinuko wa kwanza tu, visigino vikazama. Tukavua viatu tukavitia mikobani, tukashika magauni, tukapanda miguu mitupu. Matajiri waliokuwa wakishuka na fimbo zao za kutembelea walitupisha njia, na mmoja akauliza kwa adabu harusi iko wapi. Tukamwonyesha juu.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Siyo wa mwisho wa karibu, wa mwisho kabisa. Wenzangu niliwaona wadogo kama kuku. Nikakaa juu ya jiwe, nikamwambia mama mmoja aliyekuwa amebaki nami, "Nenda umwambie Mama Picha apige tu. Mimi nitawaona kwa picha." Akaenda. Akarudi akihema.

"Amesema hapigi."

"Hapigi nini?"

"Hapigi mpaka ufike. Kule juu upepo unakata watu masikio, na wote wamekukasirikia, Fundi. Panda!"

Basi nikapanda. Nilipanda kwa aibu kuliko kwa nguvu. Nilipofika nilitaka kujificha nyuma ya yule mwenye kilemba kirefu, angalau anifunike. Mama Picha akanishika mkono, akanivuta mbele ya watu wote, akanisimamisha katikati kabisa.

Yule anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, ambaye alikuwa amefika juu kabla ya wote na akajitengea hiyo nafasi, akauliza, "Kwani yeye ndiye nani?"

"Wa mwisho husimama katikati," Mama Picha akasema. "Ndiye tuliyekuwa tunamngoja."

Wa sauti ya kwanza akasogea. Halafu mikoba ikaanza kufunguliwa, viatu vikatolewa, kila mtu anapangusa tope kwa karatasi na mate. Mama Picha akapiga kelele. "Nani amesema mvae viatu? Rudisheni! Nataka hiyo miguu ilivyo." Tukabembeleza, tukalia. Akakataa katakata. Akasema, "Pumueni kwanza, picha haikimbii," akangoja mpaka mabega yetu yakashuka, akapiga.

Siku hiyo nilimchukia, nasema ukweli. Viatu vyangu vyekundu! Jumapili iliyofuata alikuja kwenye ibada na bahasha ya kukunjwa kwa gazeti, akatupa kila mtu nakala yake. Nikaiangalia. Magauni yanang'aa, vilemba vimepepea, na chini miguu yetu imejaa tope mpaka kwenye vifundo, imepangana kama viazi vilivyochimbuliwa sasa hivi. Na mimi katikati, nimefumbua mdomo, natafuta hewa. Niliona haya hata kuituma nyumbani, lakini nikaituma. Mamangu akapiga simu siku aliyoipata. Nikadhani atanisuta. Akasema, "Zile nyingine zote ulizotuma nilikuwa naona nguo. Leo nimekuona wewe." Nikalia kidogo, nikarudi kwenye cherehani.

Tangu hapo ikawa sheria. Hakuna picha mpaka wote wafike, wa mwisho anasimama katikati, na miguu lazima ionekane. Hiyo ya miguu ilikuwa kama ugonjwa kwake. "Mtu amepandishwa na miguu halafu wewe unaikata?" alisema kila mara alipoona picha ya mtu aliyeishia kiunoni. Ili miguu yetu yote iingie, ilibidi arudi nyuma, na kilima ni kilima. Anarudi, anarudi, jicho kwenye kamera, sisi tunapiga nduru, "Mama Picha, nyuma!" Siku moja alirudi mpaka akagonga matako ya ng'ombe aliyekuwa akila nyasi zake. Akageuka akamwambia, "Pole, mama," akamwegemea hapohapo, akapiga. Ng'ombe hakujali. Mchunga ng'ombe alicheka mpaka akakaa chini, naye akapigwa yake.

Mandhari hakuyapiga kabisa. Tuko juu, upande mmoja Nairobi imelala na moshi wake, upande wa pili Bonde la Ufa limefunguka mpaka macho yachoke, na yeye ameligeuzia mgongo. Tukamsihi apige hata moja ya bonde. "Bonde litakuwa hapa kesho," akasema. "Wewe je?" Mwingine akamwambia hata mawingu leo ni mazuri. "Nitampelekea nani picha ya mawingu? Mawingu yana ukuta wa kuitundika?"

Vijana wa kwaya walipoanza kuja nasi, walikuja na simu. Kijana mmoja akamringia, "Mathe, simu yangu iko na kamera tatu." Akamwambia, "Basi piga na zote tatu. Mimi nitapiga na hii moja." Hakuwachukia. Aliomba aonyeshwe, akavaa miwani, akasema hii imetoka safi, hii umempiga akitafuna. Kisha akauliza swali lake lile lile, "Na huyu aliyebaki nyuma yuko wapi hapa?"

Ukuta wangu, juu ya cherehani, sasa umejaa picha zake. Wateja wakingoja nguo huuliza huyu ni nani na yule ni nani, nami nawaeleza, na ndiyo maana nguo zao huchelewa. Mteja mmoja akauliza, "Sasa huyo Mama Picha unayemtaja taja ni yupi?" Nikasimama na sindano mkononi, nikaanza kumtafuta ukutani. Hakuwepo. Ndiyo, ni kweli, angekuwepo vipi? Lakini ilinikera. Nilimwambia nilipomwona, akapuuza kwa mkono. "Mimi nitasimama wapi, na huwa nafika wa kwanza?"

Na kweli alifika wa kwanza, mpaka goti lilipokataa. Alikuwa akivuka ubao wa mtaro kule Mashimoni akienda kumwona binti yake, ubao ukateleza, goti likapinda. Hospitalini wakamwambia apumzike. Akapumzika siku mbili, akampigia makelele kila mtu, akaanza kuchechemea.

Tulipanda bila yeye. Sikutaka kusema haya kwake, lakini nayasema hapa: haikuwa safari ile. Wenye mbio walifika, wakapigana picha kwa simu, wakala mandazi, wakaanza kushuka. Sisi wa nyuma tukakutana nao njiani. "Mmefika nusu, hata hapo ni pazuri," wakatuambia, na walimaanisha mema. Hakukuwa na ugomvi wowote. Hakukuwa tu na wa kutungoja.

Basi ikaja Jumamosi yake. Jumatatu alikuwa aende Kitui. Alishuka matatu pale Ngong amefunga leso kifuani, sweta juu, na fimbo ya mti mkononi. Binti yake alikuwa ameshika mkono mwingine na uso umemvimba kwa hasira.

"Mathe, hilo goti utalimaliza leo."

"Na nisipolimaliza nalihifadhia nini?"

Tukaanza. Nilikaa naye nyuma, kwa maana mwendo wangu ni huohuo miaka yote. Kilima cha kwanza alikipanda vizuri, anatukana mawe kwa Kikamba. Cha pili akaanza kusimama. Kwenye mwinuko ule mkali, pale upepo unapokupokea kwa kofi, mguu ukakataa. Akaketi. Akashika goti kwa mikono miwili, na leso ikamvuta mbele, kichwa kikainama.

"Mama Picha, nipe nikubebee," nikasema.

"Aka."

"Basi turudi."

"Aka."

"Sasa unataka nini? Kamera hutaki kutoa, kurudi hutaki. Mimi nikubebe wewe na kamera yako?"

Akazidi kulikanda goti. Binti akanitazama, mimi nikamtazama. Juu kabisa tuliwaona wenzetu, wadogo kama kuku, na sikujua kama watangoja au wameshaanza kufungua mandazi. Mama Picha naye aliwaona. Akakaa akiwaangalia muda, midomo inacheza. Halafu akavua sweta, akafungua fundo la leso.

Hakunipa mkononi. Alisimama kwa fimbo, akaniambia nigeuke huku, niinue mikono, akanifunga leso yeye mwenyewe, akavuta, akapima kwa kiganja, akafungua, akafunga tena. Mimi napima watu kila siku kazini, lakini sikumbuki mara ya mwisho mtu kunipima mimi. Akanivika sweta.

"Usiinamie mawe," akasema. "Ukichoka kaa wima. Na usikimbie."

"Mimi? Nimewahi kukimbia?"

Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Haya, tangulia. Nikufikie umeshapumua."

Nilipanda nimeishika kwa mikono miwili juu ya sweta. Ile kamera ni nzito, jamani! Nilielewa kwa nini hakutaka mkoba wangu: kila hatua inakukumbusha iko hapo. Kila nikigeuka, namwona chini, fimbo, mguu, mguu, anasimama. Anasimama sana. Halafu tena fimbo.

Nilipofika juu walikuwa wote. Mandazi hayajafunguliwa. Yule wa sauti ya kwanza alikuwa ameketi juu ya mkoba wa chakula ili mtu asiuguse, masikio yamemkauka kwa baridi. "Yuko wapi?" akaniuliza. Nikamwonyesha. Hakuna aliyeinua simu. Tulikaa tukamwangalia akipanda, na kwaya ikaanza kumwimbia kidogo kidogo, kwa sauti iliyopeperushwa na upepo.

Akafika. Goti limevimba kama boga, uso umelowa, lakini amefika kwa miguu yake. Hata hakukaa. Alinijia moja kwa moja, mkono mbele. "Lete."

Nikarudi nyuma hatua moja. "Wa mwisho husimama wapi, Mama Picha?"

Mkono ukabaki hewani. Akageuka akatazama nyuma yake, chini njiani, kama anayetafuta mtu mwingine anayekuja. Hakukuwa na mtu.

"Na nani atapiga?"

"Si mimi niko nayo."

Alinitazama mpaka nikataka kukunja vidole vyote kumi. Kisha wenzangu wakamshika, wa sauti ya kwanza upande huu, binti yake upande ule, wakamsimamisha katikati. Hakujua mikono aiweke wapi. Mtu aliyepanga watu maisha yake yote, akasimama pale kama mtoto wa nasari aliyevishwa kofia. Nilifungua leso, nikaweka jicho kama nilivyomwona akiweka.

"Hapo, bonyeza nusu kwanza," akaita.

"Najua."

"Hujui!"

"Nyamaza, Mama Picha. Pumua kwanza, picha haikimbii."

Akavuta pumzi. Mabega yakashuka, yake na ya wote. Nikaanza kurudi nyuma, nikarudi tena, wao wanapiga nduru, "Fundi, nyuma!" na yeye peke yake ananipungia kwa kiganja, rudi, rudi bado, rudi.

"Miguu iko?" akauliza.

Nikaangalia. Raba, akala za tairi, viatu vya shule vya mtu fulani, na katikati mguu wake mmoja umenyooka na mwingine umepinda kidogo kwa maumivu.

"Iko."

"Yote?"

"Na wa goti," nikamwambia, nikabonyeza.